Pembe za Fisi Mtabiri

Mwaka ule mvua iliikimbia nchi ya Simba, na bwawa pekee lililobaki na maji lilikuwa la Nyati, ng'ambo ya kilima. Simba, ambaye majivuno yake yalizidi kiu, hakutaka kuomba. Alitaka kunyang'anya. Ila kwanza aliwaita watabiri wake, maana alipenda sana kusikia Mungu akikubaliana naye.

Mkuu wa watabiri alikuwa Fisi. Utabiri mtamu ulilipwa kwa paja la swala, basi Fisi hakuwahi kutabiri balaa. Siku hiyo alikuja amejifunga kichwani pembe za nyati mfu kwa kamba ya ukindu, akirukaruka.

"Kwa pembe hizi utawasukuma akina Nyati mpaka waishe, ee Mfalme! Nenda! Utarudi umebebwa!"

Alikusudia kusema "utarudi mshindi", neno jingine likamponyoka. Lakini wenzake walilidaka, "Utarudi umebebwa! Utarudi umebebwa!" naye akaliona zuri.

"Na wewe Sungura, mbona kimya?" Simba alinguruma. Sungura naye alikuwa mtabiri, ila hakuwahi kuonja paja.

"Nenda, Bwana Mkubwa, ukashinde," Sungura alijibu, akijizuia kucheka.

"Usinidhihaki! Sema kweli."

"Kweli? Mungu amekuchoka. Ametuma pepo wa uongo aingie vinywani mwa hawa, nao wenyewe hawana habari. Hebu lisikilize neno lao. Umebebwa! Mshindi si hurudi kwa miguu yake?"

Fisi alimzaba kofi. "Huyo pepo yuko wapi? Mbona simwoni?"

"Utamwona, Mzee Fisi, utakapotafuta pa kujificha."

Simba alikasirika mno. "Mfungeni kamba, mtupeni pangoni kwa Fisi. Nikirudi salama, yeye ndiye kitoweo changu."

Sungura alikesha pangoni, maana hata mtabiri wa kweli huogopa meno.

Huko bwawani, pembe za Nyati hazikuwa zimefungwa kwa ukindu. Simba alirushwa juu, akaanguka na kuvunjika nyonga. Nyani wakamrudisha kwenye machela ya matawi.

Fisi, aliyebaki nyumbani kulinda nyama, alipoyaona machela yale alitimua mbio hadi pangoni kwake. Loo! Pembe alizojifunga kichwani ziligota mawe ya mlango huku na huku. Alivuta kamba, fundo likazidi kukaza.

"Karibu, ni kwako," Sungura alimwambia kutoka ndani. "Mbona huingii?"

Machela yakawadia. "Ulinitabiria nini, Fisi?" Simba aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kwamba utarudi umebebwa, Mtukufu," Fisi alijibu kwa kigugumizi. "Si... si umebebwa?"

Nyani waliangua kicheko. Simba aliona aibu kuliko maumivu.

"Kweli nimebebwa. Lakini hawa wamechoka. Inama."

Sungura alifunguliwa, akaenda zake kwa miguu yake mwenyewe. Fisi ndiye aliyebaki na Mfalme juu ya makalio, na mgongo wake haujanyooka mpaka leo.