Pimbi na Wiki ya Nyimbo za Kulaza Watoto

Hapo zamani za kale, na si ile kale ya babu zenu, ni kale ya juzijuzi tu, wanyama wakiwa tayari na simu na bando la wiki, kulikuwa na kundi la mtandaoni lililoitwa Nyuzi Nne.

Wadogo zangu, hilo lilikuwa kundi la wapiga ukulele. Ukulele mnaijua? Ni kama gitaa ambalo halikumaliza kukua. Nyuzi nne, tumbo dogo, unaipakata kifuani na kuikwaruza: tiring, tiring!

Hakuna aliyekuwa hodari. Digidigi alipiga kwa kwato. Mama Kicheche aliacha wimbo katikati akaenda kuepua sufuria, akarudi akaendelea pale pale. Na nani alimcheka? Hakuna. Kila Jumatatu mmoja wao, kwa zamu, alitoa mada: wiki ya mvua, wiki ya viatu, wiki ya chapati. Kila mtu alitafuta wimbo wa mada hiyo, akajirekodi mara moja tu bila kurudia, akautuma, na wenzake wakamwandikia neno zuri. Basi. Ndiyo sheria yote.

Pimbi aliishi peke yake kwenye majabali, na ukulele yake aliitengeneza kwa mkebe wa mafuta ya kupikia. Akiamka, kabla hata ya kunawa uso, alifungua Nyuzi Nne. Alipougua homa wiki mbili, ni humo tu alimoulizwa, "Umeamkaje leo?" Rafiki yake mkubwa humo alikuwa Mzee Kobe, ambaye akihamisha vidole kutoka uzi huu kwenda ule, unaweza kuchemsha chai ukanywa ukaosha kikombe.

Halafu akaja Tembo.

Tembo alikuja na ukulele ya mbao ghali na cheti cha muziki chenye fremu. Mwezi wa kwanza akawa admini. Mwezi wa pili akawa Mwenyekiti. Nani alimchagua? Msiniulize mimi. Alikikalia kiti, na Tembo akishakaa, nani atamwinua?

Jumatatu moja likatoka tangazo lake: "Kundi limejaa kelele. Jumapili jopo la wataalamu, yaani mimi, Kiboko na Nyati, litasikiliza nyimbo zote. Atakayepata chini ya alama hamsini ataondolewa. Sifa: cheti, na uzoefu wa miaka mitano. Only shortlisted candidates will be contacted. Regards, Mwenyekiti."

Uzoefu wa miaka mitano! Kundi lenyewe lilikuwa na miaka miwili. Hawa wakubwa huwa wanasomea hesabu wapi?

Simu ya Pimbi ikalia. Ni Mzee Kobe.

"Pimbi mwanangu, nimeliona tangazo. Nitatoka mwenyewe kabla sijafukuzwa. Kwa umri huu, aibu ya kufukuzwa siiwezi."

"Babu, tulia kwanza. Wiki hii zamu ya mada ni ya nani?"

"Si ni yako?"

"Basi nipigie wimbo, na usiharakishe hata kidogo."

"Mimi? Niharakishe?" Mzee Kobe akashangaa kweli.

Pimbi akashuka majabali, chaka chaka chaka, hadi kwa Tembo. Akawakuta Kiboko na Nyati wamejaa kwenye sofa.

"Hodi!"

"Nani huyo? CV umebeba?" akauliza Tembo.

"Nimebeba maneno ya watu tu, Mheshimiwa. Lakini wacha, yataudhi."

"Sema!"

"Wanasema jopo halitasikiliza. Ati mtafungua sekunde kumi za kila wimbo, muandike sifuri, mkaoge matope."

Kiboko akakohoa. Hiyo ndiyo ilikuwa mipango yao, neno kwa neno.

"Uongo!" akanguruma Tembo. "Nani kasema?"

"Mimi niliwatetea. Nikawaambia, jamani, mmeyaona masikio ya Mwenyekiti? Masikio yale yatapitwa na wimbo? Watasikiliza zote hadi mwisho, tena laivu, kundi zima likiwasikia. Na wakishindwa hata wimbo mmoja, jopo livunjwe na mambo yarudi ya zamani!"

"Safi kabisa! Andika hivyo!"

"Niandike mimi, Mheshimiwa? Kapimbi kama mimi, nani ataamini? Andika wewe, wenye wivu wanyamaze."

Tembo akaandika kwa ncha ya mkonga, tap, tap, tap, akatuma. Kisha akauliza, "Na mada yako?"

"Kitu kidogo tu. Nyimbo za kulaza watoto."

"Za watoto! Ha ha ha! Hiyo ni kazi ya nusu saa!"

"Na chakula cha mchana cha jopo ni juu yangu."

"Wewe sasa," akasema Nyati akijilamba pua, "unaanza kunusa hamsini."

Jumapili mchana Pimbi akaja na sufuria tatu za mokimo, ule mseto mzito wa viazi na mahindi, na parachichi za kutosha. Jopo likala mpaka vifungo vya mashati vikalalamika. Simu ikawekwa mezani ikiwa laivu, kundi zima likisikiliza. Pimbi akajiziba masikio kwa pamba, akawasha spika.

Wa kwanza, Digidigi. *Tiki, tiki, lala mtoto.* Nyati akafumba macho.

"Nyati!" Tembo akafoka.

"Nafumba ili nisikie vizuri, boss."

Wa pili, Mama Kicheche. Alikuwa amejirekodi akimbembeleza mwanawe wa kweli, na katikati ya wimbo ungesikia kabisa yule mtoto akiacha kulia, akapumua, akanyamaza. Nyati naye akanyamaza. Halafu: khrooo!

Ilipofika zamu ya Kanga, Kiboko alijitahidi, maskini. Alijimwagia maji, alijifinya shavu. Lakini shavu la Kiboko lina mafuta mengi, hakuhisi kitu. Wimbo wa tano, wa Panzi, ukamwangusha, puu!

Tembo peke yake akabaki wima. "Mimi silali! Nina cheti! Weka wa mwisho!"

Wa mwisho alikuwa Mzee Kobe.

*Ting.*

Kimya.

*Ting.*

Kimya kirefu zaidi. Kisha ile sauti ya zamani, ya mkwaruzo, iliyowalaza wanawe na wajukuu: *Lala kidogo… baba hajaenda mbali… lala…*

Pimbi alijua hatari yake. Lakini kwa miaka miwili hakuwahi kuukosa wimbo wa Mzee Kobe, na leo aukose kwa ajili ya Tembo? Akatoa pamba ya sikio moja. Lo! Kope zikawa nzito. Akajing'ata kidole cha mguu, akajing'ata tena.

Masikio ya Tembo yakapepea, yakapunguza mwendo, yakatulia. Mkonga ukashuka taratibu mpaka zuliani.

KHROOOOO!

Simu ikatoa sauti ya Mzee Kobe mwenyewe, ya hofu: "Pimbi mwanangu, wananizomea?"

"Hapana, babu. Wanakoroma."

Kundi zima likaangua kicheko, kwa-kwa-kwa! Tembo akashtuka.

"Sijalala! Nilikuwa… nachambua!"

"Sawa, Mheshimiwa," akasema Pimbi kwa upole. "Na alama za Mama Kicheche ni ngapi? Za Kanga je? Na za Panzi?"

Tembo akatazama karatasi ya alama: haikuwa na hata moja. Akawatazama wenzake. Kiboko alikuwa chini, Nyati amekumbatia sufuria. Akatazama simu, ambako wanachama arobaini walikuwa wamemsikia kwa masikio yao. Akalisoma tangazo lake mwenyewe.

"Jopo limevunjika," akasema kwa sauti ndogo, ndogo kuliko mwili wake. Kisha akamsogelea Pimbi. "Lakini kusema kweli, usingizi mtamu hivi sijaupata tangu nichukue hiki kiti. Huyu mzee, wimbo wake umeishaje?"

"Umeishaje? Mwenyekiti, haujaisha."

Na kweli, kwenye spika: *ting.*

Pimbi akanyoosha mkono azime.

"Wee! Usizime," Tembo akanong'ona, akajilaza kando ya Kiboko.

Hadithi yangu inakomea hapo, wadogo zangu, na funzo ni hili: anayetaka kuwapima wenzake, kwanza awasikilize mpaka mwisho.