Nguchiro na Mstari wa Majivu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakiazimana chumvi mlango kwa mlango, palikuwa na uwanja wa tenisi nyuma ya nyumba ya Nyati. Wewe huko nyuma, acha kumfinya mwenzio, sikiliza! Mistari ilichorwa kwa majivu ya jikoni. Refa hakuwepo. Desturi ilikuwa hivi: mpira ukiangukia upande wako, wewe ndiye unayesema "ndani" au "nje", na mwenzio anakuamini.

Nguchiro, mdogo wa umbo lakini mwepesi wa miguu, alicheza hapo kila jioni na Nyati, rafiki yake pekee. Ila roho ilimuuma. Kwenye sherehe aliketishwa pamoja na watoto, na hakuna aliyemjua hata jina. Akajiambia, nikiwa bingwa wataniona.

Siku ya mashindano wanyama walifurika. Fainali ikawa ya hao marafiki wawili.

Nyati akapiga. Paa! Mpira ukatua juu ya mstari, majivu yakatimka.

"Nje!" akapaza sauti Nguchiro.

"Nje kweli, ndugu yangu?"

"Ala! Aliye karibu ni nani, mimi au wewe?"

"Haya. Wewe ndiye uliyeona."

Ikawa ndiyo kazi yake. Mpira ndani, yeye "nje!" Akiishiwa pumzi, anainama kufunga kamba za viatu, anazifunga weee, na Nyati anamsubiri. Mwanzoni Nguchiro alichekea moyoni. Baadaye hata kicheko kikamwisha, lakini hakuacha.

Ikabaki pointi moja tu Nguchiro awe bingwa. Akapiga kwa pupa. Mpira ukavuka mstari, ukaenda kugonga ukuta wa jiko la Nyati, ngo! Kila mtu aliona. Na sasa wa kusema alikuwa Nyati.

Nyati akautazama mpira, kisha akamtazama rafiki yake.

"Ndani," akasema.

"We Nyati, umepofuka?" akafoka Ngiri kutoka kwa watazamaji.

"Nimesema ndani. Aliye upande huu ni mimi."

Akasogea kwenye wavu, akampa Nguchiro mkono. "Hongera, bingwa. Ile mipira yote niliiona. Nilikuwa nangoja useme kweli, hata mara moja tu. Kama umeutaka ushindi kuliko urafiki wetu, basi chukua."

"Nyati, ngoja! Turudie mchezo! Tafadhali!"

"Hapana, Nguchiro. Mimi na wewe basi."

Akachukua raketi yake, akaingia kwake, akafunga mlango taratibu.

Jina la bingwa Nguchiro alilipata, na kote likajulikana. Lakini kila mnyama ambaye Nguchiro alimwomba wacheze alikuwa na shughuli nyingi siku hiyo. Jioni akaenda uwanjani peke yake, akapiga mpira ukaanguka ng'ambo ya wavu. Akasikiliza. Hakuna aliyesema ndani, hakuna aliyesema nje. Akalia.

Basi, wanangu, ukimdanganya mwenzio mchezoni, utaushinda mchezo na kumpoteza mwenzio.