Vibuyu vya Mganga Kiondo

"Ukihesabu fimbo, hesabu na vibuyu." Mmelisikia neno hilo leo sokoni, mkadhani ni la wauza vibuyu. Kaeni niwape asili yake, kama nilivyopewa na mtu ambaye hajapata kusema uongo, ila anapotaja umri wake.

Huko milimani Upare, zamani za homa kali, palikuwa na mganga aitwaye Kiondo. Mgonjwa alipewa dawa katika kibuyu kidogo chenye alama ya moto shingoni, na kibuyu hicho hakikurudishwa. Kilitundikwa darini kwa mgonjwa. Aliyepona alipanda mlima kushukuru, akaiacha fimbo aliyojikongojea, nayo ikachomekwa kwenye ua wa mganga. Ua huo ulirefuka hata mbuzi akianza kuuzunguka ana mimba, alimaliza ana wajukuu. Kila mgeni aliuona akasema, huyu ndiye mganga.

Mwanamke mmoja, Nakijwa, naye alisema hivyo, mpaka mumewe alipomaliza kibuyu kizima akafa siku ya nne. Alikitundika kibuyu darini akanyamaza. Mwaka haukuisha, binti yake wa pekee, Namsi, akashikwa na homa ileile. Mbazi, ndugu wa marehemu, akaja na machela, akasema kesho alfajiri wanampandisha kwa Kiondo.

"Kaka yako alikwenda kwa Kiondo," Nakijwa akasema. "Yuko wapi?"

"Shemeji, hayo ni ya Mungu. Ule ua umeuona. Fimbo zote zile zinasema uongo?"

Nakijwa akakitazama kibuyu darini, kisha akaitazama fimbo ya marehemu, ambayo bado ilikuwa nyuma ya mlango. Ingefikaje kwenye ua wa Kiondo, na mwenye kuipeleka yuko kaburini? Hapo hasira ikamshika, si ile ya kulia, bali ile ya kuondoka na kuacha mboga inaungua. Akamwachia jirani mgonjwa, akajitwika tenga, akaingia nyumba kwa nyumba.

Kila mlango aliuliza nani alikunywa kwa Kiondo na sasa yuko wapi, akapewa kibuyu. Waliopona wakaona uvivu kupanda mlima, aliwakatia fimbo yeye mwenyewe, maana hakutaka kumwonea mtu. Hata nyumba ambazo hazikumjua mganga aliziuliza wangapi waliugua na wangapi waliinuka. Alizunguka vijiji saba kwa siku moja. Wengine husema tisa, lakini mimi sipendi kutia chumvi.

Alfajiri machela ilipofika kwa Kiondo, Nakijwa alikuwa ametangulia na umati wa wenye vibuyu nyuma yake. Akazichomeka zile fimbo alizokata, kisha akaweka kibuyu kimoja chini ya kila fimbo ya ua. Fimbo zikaisha. Vibuyu vikabaki, lundo la kufika kiunoni.

Kiondo akacheka. "Hao ni watovu wa shukrani, mama. Walipona, hawakurudi."

Nakijwa akainua kibuyu. "Hiki cha nani?"

"Cha mama yangu," mtu mmoja akajibu.

"Yuko wapi?"

"Chini ya mgomba."

Akainua cha pili, cha tatu, na kila kimoja kikajibiwa kwa kaburi. Mwisho akainua cha mumewe. "Na huyu, Kiondo, aje kukushukuru kwa miguu ipi?"

"Hawakushika miiko," akasema mganga, sasa hacheki.

"Akipona mtu ni dawa yako, akifa ni miiko yake. Wewe utakosea lini?"

Mbazi akanong'ona kwamba huenda walioletwa hapa ndio waliokuwa wamezidiwa.

"Kaka yako alipanda kwa miguu yake, shemeji. Wewe ulimbebea kibuyu tu." Akamgeukia mganga. "Katika kila watatu uliowanywesha, amepona mmoja. Katika kila watatu ambao hawajauona uso wako, wamepona wawili, kwa uji na maji. Umewapanga mbele walioiponyoka dawa yako, wengine ukatuachia sisi tuwazike."

Mbazi akainama, akashika machela upande wa kichwani, akaigeuza kuelekea nyumbani.

Namsi alikunywa uji na maji. Siku ya tisa akakaa kitako, akadai ndizi za kuchoma. Siku ya kumi jirani akafika na fimbo begani, na watu kumi nyuma yake. Alitaka kuichomeka mlangoni kwa Nakijwa, maana uji wa mama huyu, alisema, una dawa ndani yake.

Nakijwa aliichukua fimbo, akaivunja gotini vipande viwili.

"Amepona mmoja, mmeshaanza? Nendeni kwanza kwa waliokunywa uji wakafa. Ukihesabu fimbo, hesabu na vibuyu."