Kizimba Namba Arobaini na Moja

Uongozi wa soko la Kariakoo uliwatangazia wafanyabiashara wote, kwa barua yenye mihuri miwili, kwamba kuanzia Jumatatu namba za vizimba zingepakwa rangi ya kijani badala ya bluu. Nakala moja ilibandikwa kwenye kizimba namba arobaini na moja, ambako Mwalimu Benedict, mstaafu wa somo la Kiingereza, aliuza kamusi na vitabu vikuukuu kwa miaka kumi na tisa. Aliisoma, akasahihisha nukta moja kwa kalamu, akaketi.

Asubuhi hiyo Vicky, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alimwamkia na kumuuliza maana na matumizi ya neno "temptation". Mwalimu hakufungua kamusi.

"Ni kishawishi. Kitu kizuri kinachokuita wakati huna shida nacho. Ama matumizi yake, watu hulikumbuka mambo yakishaharibika."

Binti akaandika. Mwalimu akajiona amemaliza mada.

Mchana akaja Kitwana, dalali mwenye ulimi wa asali, na habari za fremu ya duka katika jengo jipya, ghorofa ya nne.

"Mwalimu, mtu wa hadhi yako kukaa chini ya turubai kama muuza ndala? Kule kuna feni, na jina lako litaandikwa kwenye kioo."

Tangu astaafu, Benedict hakuwa ameliona jina lake popote ila kwenye fomu za pensheni. Hadi alasiri alikwisha kuliona kiooni, tena kwa herufi za dhahabu.

Jirani yake Paskalina, muuza nyuzi na zipu, alimkumbusha desturi ya soko: kizimba kikikaa siku saba bila bidhaa hupewa mwingine, lakini jirani akikilinda kwa vitu vichache mezani, hakiguswi.

"Niachie vitabu vitatu tu. Nitavifuta vumbi mpaka ujue huko juu kukoje."

"Vitabu vyangu vikae na zipu?" alijibu, akatia saini fomu ya kurejesha kizimba.

Alipohamia ghorofani, jina lilipendeza kweli kiooni. Lakini mguu wa mteja wa Kariakoo haupandi ghorofa nne kwa ajili ya kitabu. Wiki ya kwanza alipanda Vicky. Ya pili, mlinzi, kuuliza saa. Mwezi wa tatu Mwalimu alifunga duka na kushuka na maboksi yake. Kwenye kizimba chake palining'inia makava ya simu. Paskalina alimpa kigoda wala hakumcheka, na hilo likamchoma kuliko kicheko.

Vicky alipita. "Shikamoo, Mwalimu. Lile neno, nilikosa mfano wa kutungia sentensi."

"Marahaba. Andika jina langu."

Kisha Mwalimu akaandika barua ya kuomba arudishiwe kizimba chake. Kamati ilikaa vikao viwili, ikaamua: barua imepokelewa, na kwa kuwa kijani hakionekani vizuri, namba zote zirudishiwe rangi ya bluu, ikiwemo arobaini na moja, kwa jina la mwenye kizimba wa sasa.

Wahenga hawakuhitaji kikao: usiache mbachao kwa msala upitao.