Mzee Ngwali Aliyekataa Neno Moja

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri, maana hii haina wimbo wala karamu. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, kando ya mto mpana, palikuwa na kijiji kikubwa kuliko vyote. Mkubwa wake alikuwa Mzee Ngwali, mtu mwembamba, msomi, aliyepima maneno kama mganga apimavyo dawa. Walimpa ukubwa kwa sababu aliwaambia: "Vita vya ng'ambo ni vya ng'ambo. Watoto wenu hawatavuka mto."

Vita vikavuka vyenyewe. Mitumbwi ya kijiji ikazamishwa, chubwi! chubwi! Watu wakaghadhibika, Mzee Ngwali akanyanyua mkuki. Vijana wakavuka. Vijana wakashinda. Vijana wachache wakarudi.

Siku ya matanga, mjane mmoja, Bi Tatu, akamshika Mzee kanzu.

"Wanangu wawili umenilia, Mzee. Nimebakiwa na Faki. Huyu naye utamtaka?"

"Faki hatashika mkuki, dada yangu. Nakuapia."

Mzee akaenda ng'ambo. Akakaa na wakubwa wa vijiji vyote, akawabembeleza hadi sauti ikamkauka. Wakawekeana agano: kijiji kimoja kikivamiwa, vyote vitakwenda kukikinga. Nani basi atathubutu kuvamia? Wakachinja mbuzi, wakala kiapo. Lakini kila mmoja alijua: kijiji kikubwa kikisusa, agano ni bua tupu.

Nyumbani, wazee wakakunja nyuso. Mzee Vuai, hasimu wake wa siku nyingi, akasema, "Agano zuri. Tutie neno moja tu: tutakwenda tukipenda."

"Nyumba ya jirani inaungua, wewe unajiuliza kama unapenda kubeba maji?"

"Hee! Hata Mungu tunamwomba, naye hutusikia. Wewe Ngwali ni nani usiyesikia?"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka.

Akatoka kwenda kusema na watu, mtaa kwa mtaa. Akatembea, akasema. Akatembea, akasema. Kichwa kikamgonga, akasema. Mtaa wa mwisho, puu! Akaanguka. Upande mmoja wa mwili ukafa.

Mkewe, Bi Mwanakhamis, akaweka kigoda mlangoni. "Mzee anapumzika." Kila neno lililoingia lilipita kwake, na kila lililotoka lilipita kwake.

Wakaja wazee waliompenda Ngwali. "Shemeji, tukiungana na watu wa Vuai, agano litapita. Mwambie akubali lile neno."

Akaingia. "Mume wangu, kubali. Kidogo si sawa na hakuna."

"Hata wewe?" Mdomo ulimwenda upande. "Chungu chenye tundu hakipiki. Waambie wakatae."

Akatoka, uso umemshuka. "Amesema mkatae."

Barazani, lilipoletwa agano lenye neno la Vuai, wakakataa. Marafiki zake wenyewe, mmoja baada ya mwingine, wakanyoosha mikono kulipinga. Agano likafa mchana kweupe.

Mavuno yakaja, mavuno yakapita. Ng'ambo, walioshindwa vita vya kwanza wakanoa mikuki, kwaru, kwaru, kwaru. Wakavamia kijiji kidogo. Vijiji vingine vikakitazama kijiji kikubwa. Kijiji kikubwa kikatazama chini. Wakavamia cha pili, wakavamia cha tatu, hata moshi ukaonekana ukingoni mwa mto wetu.

Ngoma ya vita ikalia, ndi! ndi! ndi! Vijana wakapita mbele ya nyumba ya Mzee, mikuki mabegani, Faki kati yao. Bi Tatu aliwafuata nyuma, kichwa wazi, hana chozi.

Ndani, Mzee akauliza, "Ngoma ya nini hiyo?"

Bi Mwanakhamis akafunga dirisha. "Ya harusi."

"Ya nani?"

"Ya Faki wa Bi Tatu."

Nusu ya uso wa Mzee Ngwali ikatabasamu.

Wenzangu, anayemwaga nusu kibaba kwa kuwa alitaka kibaba kizima, njaa yake huwala watoto wa wenzake. Hadithi yangu imeishia hapo. Vijana ambao wangeiendeleza hawakurudi.