Fisi na Chungu cha Rangi ya Maziwa

Paukwa!
— Pakawa!
Nimlete?
— Mlete tumwone!
Basi kaeni vizuri, na anayetafuna ameze kwanza.

Hapo kale alikuwako Mama Mbuzi, mjane, aliyekaa chini ya majabali na mwanawe mmoja, Tunu. Zamani watoto walikuwa wawili, Tunu na kaka yake. Kaka yake aliliwa na Fisi msimu wa jua kali. Tangu hapo Fisi akaweka sharti: kila jioni apewe chungu cha maziwa kilichojaa mpaka mdomoni. Kisipojaa, anamchukua Tunu.

Mama Mbuzi akawa anakamua, Fisi anakunywa, Tunu analala njaa. Mama Mbuzi anakamua, Fisi anakunywa, Tunu anakonda. Inauma, jamani, kumlisha aliyemla mwanao.

Siku moja maziwa yakakatika. Alikamua asubuhi, chwa, chwa, chwa, hata nusu ya chungu hayakufika. Akakaa chini akalia.

Jirani yake, Pimbi, akateremka kutoka mwambani, tiki tiki tiki. Huyu Pimbi alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba, mdogo wa kutia kapuni, mikono daima ina udongo mwekundu.

"Dada, nipe hayo maziwa," akasema.

"Nikupe? Ya nini?"

"Nipake ukuta wako."

Mama Mbuzi alimtazama asiamini masikio yake. Mwanawe anakufa jioni, huyu anazungumza habari za ukuta! Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Akampa.

Pimbi akaengua siagi yote, akampa Tunu alambe. "Rangi hii na mafuta havipatani," akasema. "Penye mafuta haishiki, inabanduka." Kisha akayagandisha maziwa kwa ndimu, akayakamua maji, akatia chokaa, akakoroga, koro koro koro. Yakalainika yakawa mazito kama uji wa mtama. Bakuli moja akalitia udongo mwekundu, akapaka ukuta. Iliyobaki akaiacha nyeupe chunguni, akaiongeza chokaa na maji, chungu kikajaa mpaka mdomoni.

Ukuta ulipokauka, akasema, "Gusa."

Mama Mbuzi akagusa. Pagumu kama jiwe, wala hapanuki. Akamwagia maji, hata tone la wekundu halikutoka.

"Ndiyo rangi ya maziwa hiyo," akasema Pimbi. "Ikishashika imeshika. Ila haiwekwi. Ikilala chunguni inaoza, kwa hiyo hii iliyobaki lazima iishe leo."

"Ndugu yangu, Fisi atajua si maziwa!"

"Nitamwambia mwenyewe."

Pale majabalini kila mtu alijua kwamba Fisi ukimkataza, umemwelekeza.

Jioni Fisi akaja, gudu gudu gudu, mdomo unang'aa mafuta ya mifupa.

"Shikamoo, mzee," akasema Pimbi.

"Marahaba. Maziwa yangu yako wapi?"

"Hii chunguni ni rangi, mzee. Usinywe."

"Nani wewe wa kunikataza?"

"Basi ukinywa, usisukutue kwanza kwa maji haya ya majivu kibuyuni. Utamu utakuzidi."

"Nani wewe wa kunikataza?" Fisi akachukua maji ya majivu, akasukutua, ghu ghu ghu, akatema, pwaa! Mafuta yote yakamtoka mdomoni. Akainua chungu, gubu gubu gubu, mpaka chini.

"Sasa, mzee, usifumbe mdomo. Ukifumba, utamu wote utabaki kwako peke yako, sisi hata harufu tusipate."

"Nani wewe wa kunikataza?" Fisi akafumba mdomo, kwaa! Akakaa kimya meno yamebana, anautunza utamu wake, mpaka jua likazama.

Mama Mbuzi alisimama mlangoni, Tunu yuko nyuma yake. Aliogopa kuliko siku zote. Na kweli, Fisi hatosheki: amekunywa chungu kizima, sasa akamtaka na mtoto. Akainuka. Akamwendea Tunu. Akataka kupanua taya.

Taya hazikupanuka.

"Mmm!" Akavuta kwa nguvu. "Mmmm!" Akajikwaruza kwa kucha mpaka damu ikamtoka puani. Meno ya juu na meno ya chini yalikuwa yamekwisha kuwa kitu kimoja.

Pimbi alicheka akaviringika chini. Mama Mbuzi hakucheka. Alimsogelea Fisi wakawa uso kwa uso, akasema, "Mwanangu uliyemla alikuwa anaitwa Sudi."

"Mmm," akasema Fisi.

"Litaje jina lake."

"Mmm."

"Hata hilo huwezi. Haya, nenda." Akampisha njia.

Fisi akaenda zake porini mkia katikati ya miguu, na pale majabalini hakuonekana tena. Asubuhi yake Tunu alinyonya, akanyonya, akalala amelishika titi. Mama yake akamtazama, na machozi yakamtoka, maana walipaswa kuwa wawili.

Ngano yangu nimeipaka, imekauka, asiibandue mtu. Na fundisho lake, wanangu, ni ukarimu: mgeni akija na kiu, msimnyime maziwa. Mpeni, mwongezeni, mpaka ashindwe kufungua mdomo kusema asante.