Kiungo Alichokificha Gedion

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Anayeona haya mbele ya mkunga atabaki na uchungu wake. Gedion Kibii, fundi wa programu mtaani Kiamunyi, Nakuru, aliijua methali hii tangu shule ya msingi, ila alidhani inawahusu wanawake peke yao.

Yeye ndiye aliyeandika programu ya tangi la kupozea maziwa la chama cha wafugaji kule Subukia, ambako mama yake hupeleka maziwa kila asubuhi. Ndani ya klasi ya tangi, yaani fungu la msimbo linaloliendesha, aliweka kiraka, kiungo cha faragha kisichokusudiwa macho ya wengine: vipimajoto viwili vikitofautiana, mtambo hujifunga hadi upewe amri maalumu. Kiraka kilikuwa kibovu, naye akakionea haya. Basi katika programu nyingine, ile inayosoma msimbo na kuutungia kitabu cha maelezo, akaandika mstari mmoja: vionyeshwe viungo vya wazi tu, vya faragha visionekane. Kitabu kikatoka safi, bila kile kiraka wala amri yake, na mkubwa wake, Akeyo, akakisifu.

Jumanne moja saa tatu asubuhi, Akeyo alimpigia simu kutoka kwenye tangi kule Subukia.

"Gedion, mtambo umejifunga na kitabu chako hakisemi kitu. Maziwa yasipopoa kabla ya saa tano, yanamwagwa. Kuna kitu sijaona?"

Hapo ndipo Gedion alipopaswa kuitaja ile amri.

"Zima uwashe tena, madam," akajibu.

Kila kuwasha kulikula saa nzima. Akeyo akapiga tena, sauti imebadilika.

"Bado. Wazee wamenizunguka hapa. Uko sure hakuna kitu?"

"Jaribu tu mara moja tena, madam."

Alikaa akiukodolea macho ule mstari, aibu ikimvuta huku, hofu ikimvuta kule. Saa tano na robo akaubadilisha, akatoa kitabu upya na kumtumia Akeyo. Viungo vya faragha vilijitokeza vyote, na amri ya kufungulia ikiwamo.

Mtambo ulifunguka ndani ya dakika moja. Lakini maziwa yalikuwa yameshachacha.

Adhuhuri mama yake alipiga simu. "Gedi, leo wamemwaga maziwa ya watu wote. Wanasema ni mashine."

"Si mashine, mama," alisema, machozi yakimlengalenga. "Ni mimi. Nilijua shida iko wapi, nikaificha."

Hakika, mficha uchi hazai.